Chunjua ya Babu Spurio

Wiki iliyopita tulimwacha Diokare amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana ya sarafu, macho ameyafumba, na Bi Numitoria ameishika dinari mpya karibu na pua yake akisema, "Huyu ni..."

Barua zenu za matusi nimezipata zote. Haya, mwacheni bibi amalize.

"Huyu ni Babu Spurio mtupu!"

Diokare alifumbua jicho moja. Hakuamini, akafumbua na la pili.

"Tazama pua! Tazama kidevu! Na chunjua yake shavuni! Aulo, njoo umwone babu yako, utadhani anataka kukukaripia."

Aulo alikuja mbio, nywele zinanuka mafuta. Huyu ndiye mwana wa bibi, kijana anayesimamia sarafu za mwaka huu, na ndiye aliyeamua fedha ya Roma ibebe sura ya babu wa ukoo wa Safinio, ili wapiga kura wamjue.

"Mama, na upande wa pili umeuona? Mungu wa Ushindi anaendesha farasi wanne! Nilitaka sita, Diokare akasema hawaenei."

"Babu yako alikuwa na punda mmoja."

"Mama! Watu watasikia."

Bi Numitoria aliigeuza dinari mara mbili, akaikazia jicho moja, kisha akamtazama Diokare kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Diokare akaanza kuokota vumbi la fedha sakafuni.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, nikupe mkono ili upande nasi. Diokare ni mtumwa wa Mzee Kaeso Safinio, shemeji wa bibi huyu, na hakuna mchonga chapa za sarafu anayemfikia pale kilimani kwa mungu Juno. Walimkabidhi sura ya nta ya Babu Spurio, ile inayotunzwa kabatini ukumbini, ili ainakili. Diokare akaiegemeza karibu na tanuri, akaenda kunywa supu ya dengu. Aliporudi, babu alikuwa dimbwi.

Akauzunguka mji kwa siku tatu akitafuta mtu anayefanana na ile sura. Akampata Lurko muuza soseji: pua ile ile, kidevu kile kile, hata chunjua ipo. Akamchonga huyo, harakaharaka, roho mkononi. Ndiyo sura iliyo kwenye dinari. Siri hiyo wanaijua watu wawili tu, na mmoja wao hawezi kufunga mdomo.

"Kazi nzuri," alisema Bi Numitoria. "Na imekuja kwa siku yake, maana Mzee Kaeso amefariki asubuhi hii."

"Amefariki?"

"Kokwa ya zeituni. Alikuwa anamcheka jirani huku anakula. Tumempiga mgongoni mpaka mikono imetuuma. Unaukumbuka wasia wake unavyosema juu yako?"

Kama anaukumbuka! Diokare aliujua kuliko jina la mama yake. "Siku nitakapofariki, Diokare awe huru, iwapo amempa babu sura ya heshima kwenye fedha, na iwapo sura ya nta imerudi kabatini salama."

"La sivyo?"

"La sivyo niende machimbo ya fedha, Hispania."

"Basi." Bibi alipokea kofia nyeupe ya sufi, ile ya watumwa wanaoachwa huru, kutoka kwa mjakazi wake, akamvika yeye mwenyewe. "Kesho utatembea nayo mbele ya maiti, kama desturi. Moto wa kumchomea ukishawaka, wewe ni mtu huru."

Diokare akalia. Si kilio cha kuigiza. Miaka thelathini na miwili alikuwa amechonga nyuso za watu huru, na leo kwa mara ya kwanza kichwa chake mwenyewe kilikuwa na joto la ile kofia. Alilia mpaka makamasi.

"Sasa lete sura ya nta," alisema bibi. "Kesho mababu wote wanatembea msibani, kila sura imevaliwa na mwigizaji wake."

Machozi yakakata papo hapo.

"Nta, bi mkubwa... imelegea kidogo kwa joto la tanuri. Haifai kuguswaguswa. Kesho nitaileta mwenyewe, ikiwa tayari imeshavaliwa na mwigizaji."

"Mwigizaji yupi?"

"Namfahamu mmoja. Mtu mtulivu sana."

Mtulivu! Msomaji, twende ukamwone huyo mtulivu.

*

Lurko alikuwa amesimama juu ya meza yake sokoni, ametoboa dinari na kuitundika shingoni, anapiga kelele.

"Njooni! Soseji pekee mjini zinazouzwa na mtu aliye mfukoni mwenu! Zina pilipili manga, wananchi, siyo majivu kama za yule pale!"

Diokare alimvuta mguu. "Shuka, mwehu wewe! Nilikuambia uifiche hiyo sura."

"Nifiche uso wangu? Niuweke wapi?"

"Kesho kuna msiba, na sura ya nta haipo. Nisipoipata, nakwenda Hispania. Unajua Hispania watu wanachimba wakiwa wamekunja magoti hadi masikioni?"

Lurko, pamoja na upumbavu wake wote, ni mtu mwenye roho nzuri. Alifunga meza saa ile ile, akamfuata rafiki yake kilimani.

Mpango ulikuwa rahisi: kumpaka plasta usoni, kusubiri ikauke, kuibandua na kumimina nta ndani yake. Diokare alimlaza juu ya benchi, akamtia mabua mawili puani apumulie, akaanza kupaka. Ilipofika kwenye mashavu, Lurko akasema, "Aa... aa..."

"Usithubutu."

"...CHAA!"

Plasta iliruka dirishani ikamwangukia bata bukini wa Juno aliyekuwa akijipitia zake. Bata alipiga kelele hadi kuhani akatoka nje na fagio.

Mara ya pili mabua yalichomeka ukutani. Mara ya tatu hakukuwa tena na plasta.

"Wewe una nini na hiyo pua?" Diokare aliuliza kwa uchungu.

"Pilipili, ndugu yangu. Miaka ishirini naisaga. Hii pua siyo mali yangu tena."

Diokare alikaa chini, akaivua ile kofia nyeupe, akaiweka magotini kama mtu anayeaga. Akaitazama. Akamtazama Lurko. Akaitazama tena kofia.

"Lurko. Kwani watu wanataka kuona nini kesho? Si uso huo huo? Nikupake nta usoni ung'ae, nikuvike joho la zambarau, utembee. Wewe ndiye sura ya nta."

Lurko alikunja uso akifikiri. "Yaani mimi niwe mtu anayejifanya amevaa uso wa mtu ambaye uso wake ni wangu?"

"Ndiyo."

"Kichwa kinaniuma."

"Utakaa jukwaani kwenye kiti cha pembe za ndovu."

"Tunaanza saa ngapi?"

*

Kulipokucha Diokare alimsugua kwa maji moto na majivu mpaka akawa mwekundu, asibaki na chembe ya pilipili. Akampaka nta ya nyuki, akaisugua kwa kitambaa. Uso wa Lurko uking'aa namna ile ungeapa alikufa miaka mia iliyopita.

"Usicheke. Usiongee. Usipepese macho ila ukilazimika. Wewe ni nta."

"Mimi ni nta," Lurko alisema bila kuchezesha midomo.

Diokare akainua dinari, alinganishe kwa mara ya mwisho. Akaisogeza karibu na jicho, kisha karibu na shavu la Lurko.

"Lurko... chunjua yako iko shavu gani?"

"La kushoto, tangu nizaliwe."

"Kwenye dinari iko la kulia."

Ni kosa ambalo wewe na mimi tusingelifanya, kwa sababu hatujui kuchonga. Mchonga chapa kila kitu hukichonga kinyume. Akitaka uso utazame kulia kwenye sarafu, huuchonga ukitazama kushoto kwenye chuma. Nyundo ikishuka, mambo yanageuka na kukaa sawa. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Lakini Diokare siku ile alikuwa na haraka na hofu, akachonga kama macho yalivyoona. Chunjua ikahama shavu, na hakuna aliyemwambia.

"Basi dinari imekosea," alisema Lurko.

"Dinari haikosei! Ziko elfu ngapi mjini! Na Bi Numitoria anayo mkobani. Atakutazama wewe, ataitazama ile, na mimi nitakunja magoti hadi masikioni."

Filimbi za msiba zilikuwa zimeshaanza kulia kule chini. Diokare aliizika chunjua ya kushoto chini ya donge la nta. Kwa ya kulia alichungulia bakuli la Lurko la asubuhi, akachagua punje moja nene ya dengu, akaibandika.

Akarudi nyuma hatua mbili. Ilipendeza kuliko chunjua yenyewe.

*

Msafara ulitoka kwa fahari. Mbele wapiga filimbi, nyuma yao wanawake wa kulia wenye sauti za kukodiwa, kisha Diokare na kofia yake nyeupe, kisha mababu sita wa nta wakitembea kwa mikogo, kisha Mzee Kaeso mwenyewe juu ya machela, na shada la maua kichwani.

Huko nyuma yake Diokare alisikia minong'ono.

"We, huyo si yule wa kwenye dinari?"

"Ndiye! Babu Spurio! Tazama, hii hapa, linganisha."

"Kweli bwana. Hata chunjua. Nta ya siku hizo ilikuwa nta."

"Mbona ananukia soseji?"

"Unadhani mababu walikula nini?"

Diokare aligeuka kidogo. Alichokiona kilimfanya ajikwae. Mkono wa Babu Spurio ulikuwa umetoka chini ya joho ukiwa na soseji, ukaikabidhi kwa mzee mmoja kando ya njia, ukarudi ndani.

"Una nini humo?" Diokare alimnong'oneza kwa meno yaliyofungana.

"Kidogo tu," nta ilijibu. "Soseji nane. Msiba una watu wengi."

"Zina pilipili?"

"Wewe unaniona mimi mtu wa kuuza majivu?"

Hakukuwa na nafasi ya kumnyonga. Walikuwa wamefika uwanjani.

Machela ya Mzee Kaeso ililazwa chini ya jukwaa. Mababu sita wakapanda wakakaa kwenye viti vya pembe za ndovu, mstari mmoja, na Lurko akakaa kwa raha kiasi kwamba Diokare, aliyesimama nyuma yake, aliomba miungu yote anayoijua na miwili ya Wamisri. Bi Numitoria alikaa kiti cha mbele kabisa, kitambaa mkononi.

Aulo akaanza hotuba. Ee jamani, hotuba ile! Alianza na baba mkubwa Kaeso, akarudi kwa mababu, akarudi zaidi kwa miungu, akakwama huko. Jua likapanda. Mababu watano wa nta walikuwa wamekauka vizuri. Babu Spurio alianza kutoka jasho.

Tone moja. Mawili. Dengu ikasogea.

"Na wewe, Babu Spurio!" Aulo alinguruma akinyoosha mkono. "Wewe uliyewakimbiza Wasamni peke yako! Ungekuwa hai leo, ungesema nini?"

Umati ukanyamaza kumsikiliza babu.

"Aa..." alisema Babu Spurio.

Diokare aliziba macho.

"Aa... aa... CHAA!"

"Afya!" umati ulijibu kwa sauti moja, watu elfu tatu, kwa mazoea tu.

Kisha kila mmoja akatambua amemtakia afya nani.

Mwanamke mmoja wa kulia alianguka, safari hii bila malipo. Wapiga filimbi wakawa nyuma ya nguzo. Aulo alibaki mkono juu, rangi imemtoka, lakini mwanasiasa ni mwanasiasa.

"Ishara!" alipayuka. "Amepiga chafya upande wa kulia! Babu amekubali! Nichagueni!"

Watu wakashangilia. Diokare akafumbua macho. Akaanza kupumua. Labda, labda tu...

Akamwona Bi Numitoria anaokota kitu mapajani mwake. Kitu kidogo, cha mviringo, cha manjano.

Bibi aliinusa ile dengu. Akaitoa dinari mkobani, akaitazama. Akainua macho kwa Babu Spurio, ambaye shavu lake la kulia lilikuwa laini sasa, na la kushoto nta yote ilikuwa imeyeyuka na chunjua imechomoza wazi.

Bi Numitoria alisimama, akapanda ngazi za jukwaa taratibu. Watu walidhani anakwenda kumbusu babu.

"Diokare," alisema kwa sauti ya chini.

"Bi mkubwa." Tayari alikuwa amepeleka mkono kwenye kofia ili aivue mwenyewe, asivuliwe mbele za watu. Hilo tu ndilo aliloomba.

"Sura ya nta iko wapi?"

"Iliyeyuka, bi mkubwa. Mimi ndiye niliyeiyeyusha. Niliiweka karibu na tanuri." Akamwekea Lurko mkono begani. "Huyu hana kosa. Nipelekeni mimi."

Bi Numitoria aliinama kama anayemrekebishia babu joho lake.

"Chunjua mngeiacha tu ilipokuwa," alinong'ona. "Ya kwenye sura ya nta ilikuwa kushoto. Nilipoiona dinari niliona mara moja imegeuka."

"Ulijua?"

"Nilijua, kwa sababu sura ile niliitengeneza mimi. Ya Babu Spurio wa kweli niliiyeyusha mwaka nilioolewa. Niliiweka karibu na jiko, nikaenda kuonja supu."

Mkono wa Diokare ukashuka kutoka kwenye kofia.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita na mama mkwe mwenye fimbo. Kila asubuhi muuza soseji mmoja alikuwa akipita mlangoni kwetu, ana pua kubwa na chunjua kushoto. Nilimpa kuku mzima akakubali kupakwa plasta. Miaka arobaini huu ukoo mzima unamwinamia muuza soseji."

Kiti cha pembe za ndovu kikalia kwaa.

"Baba?" ilisema nta.

"Wewe nyamaza, umekufa," alisema Bi Numitoria. Kisha akamgeukia Diokare, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa wa yule msichana wa miaka kumi na sita. "Siri yangu kwako, siri yako kwangu. Jioni utanipa nta mpya kutoka kwenye uso huu huu, hata kama itabidi tumkalie. Kabatini itarudi salama, kama wasia unavyotaka. Kofia yako usiivue."

Diokare aliishika ile kofia kwa mikono miwili, akaivuta chini hadi masikioni. Alikuwa huru. Ulibaki moto tu kuwashwa, na wabeba mienge walikuwa wameshasogea.

Lurko naye alikuwa amejaa machozi. Baba yake, babu wa ukoo mkubwa kwa miaka arobaini! Akatafuta cha kupangusia uso, akashika pindo la joho, akalikung'uta kwa nguvu kwanza ili libaki safi.

Soseji mbili zilidondoka. Na wingu dogo la pilipili manga, jeusi na jembamba, likashuka polepole kutoka jukwaani, likatua juu ya machela.

"Chaa!"

Bi Numitoria alimkazia macho Lurko.

"Siyo mimi," alisema Lurko.

Safari hii hakuna aliyesema afya. Kokwa ya zeituni iliruka juu, ikametameta juani, ikagonga paji la uso la Aulo katikati ya neno "milele". Shada la maua likaanguka. Juu ya machela, polepole, Mzee Kaeso Safinio aliinuka akakaa.

Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana, wabeba mienge waliitupa, Aulo alipiga magoti akilia, "Baba mkubwa! Baba mkubwa yu hai!"

Mtu mmoja tu hakushangilia. Wasia wa mtu aliye hai ni karatasi ya kufungia samaki.

Mzee Kaeso alikohoa mara mbili, akapangusa midomo, akazungusha macho mekundu uwanjani: kwa mababu, kwa shemeji yake, hadi kwa mchonga chapa aliyesimama mikono kichwani.

"Nani," aliuliza, "amemvika mtumwa wangu kofia?"